Majina ya flagi za Git: --cached, --staged, --index, -n... ni historia au hakuna aliyejali?

#1 NyundoNdogo

Habari zenu wakuu.

Kazini kuna programu ndogo tunaiandika kwa ajili ya timu yetu wenyewe, inakaa juu ya Git, ile programu ya kutunza historia ya kodi. Inafuta branchi (matawi ya kodi) zilizokwisha kumerjiwa, yaani kuunganishwa na nyingine, inarudisha mafaili yalivyokuwa, inapushi (inatuma kodi) kwenye seva ya majaribio. Kodi yenyewe haijatusumbua, tumekwama kwenye majina ya flagi, yale maneno au herufi zenye vistari unazoongeza kwenye komandi. Mwenzangu anataka kila kitu cha hatari kiitwe `--force` maana watu wameshaizoea, mimi nasema jina liseme nini kitapotea. Tukabishana mpaka nikasema ngoja nisome manyuali za Git nione wenzetu walifanyaje, na huko ndiko nilikochanganyikiwa zaidi.

Angalieni. `git diff --cached` inaonyesha ulichokwisha kuadd. `git diff --staged` ni kitu kilekile. `git rm --cached` ipo lakini `git rm --staged` haipo. `git restore` ina `--staged` lakini `--cached` haina. `git apply` ina `--cached` na ina `--index` na hizo mbili zinafanya kazi tofauti. Halafu `git stash pop` nayo ina `--index` yake.

Dai langu ni hili: eneo moja tu, lile unapopanga mafaili (kuadd) kabla ya kukomiti, yaani kuyaweka rasmi kwenye historia, limepewa majina matatu kwa sababu waliochagua walikuwa wanaangalia mashine kwa ndani na hawakumwangalia anayechapa. Ni kama fundi umeme aandike kwenye swichi rangi ya waya uliopita ukutani badala ya kuandika taa inayowaka. Mnaonaje? Na nyie mkiandika programu zenu mnachaguaje?

#2 ToroliBovu

Naweka kiti mbele kabisa. Huu uzi ulichelewa.

#3 MzeeWaCVS

Kijana dai lako ni nusu ya ukweli, nusu nyingine ni umri.

Aprili 2005 Linus Torvalds alipoanza Git, baada ya watengenezaji wa Linux kunyimwa leseni ya bure ya BitKeeper, programu waliyokuwa wakitunzia kodi, hakuandika programu ya mtu wa kawaida kuchapa. Aliandika vipande vya chini kabisa, `update-cache`, `write-tree`, `commit-tree`, `read-tree`, `show-diff`, na folda yenyewe ilikuwa inaitwa `.dircache`. Hiyo "cache" ndiyo hilo eneo lako, orodha ya mafaili na hali zake kwenye faili moja ili kulinganisha kuende haraka. Mwaka huohuo jina likageuzwa kuwa index, `update-cache` ikawa `update-index`, lakini flagi zilizokwisha ingia mikononi mwa watu zikabaki. Ukifungua sosi kodi ya Git utakuta faili la `read-cache.c`. Habari ya stage imekuja juu yake baada ya walimu na waandishi wa mafunzo kuona watu hawaelewi index ni kitu gani.

Kwa hiyo unachokiona ni tabaka tatu za miaka, moja juu ya nyingine, na hakuna aliyekaa siku moja akachagua majina matatu.

#4 Pwani_Dev

Shukran mzee. Naongezea tu kwamba hiyo `--staged` ilikuja 2019 pamoja na `git restore`, ndo maana wengi wetu tuliosoma zamani tunajua `--cached` peke yake.

#5 DadaSkripti

@Pwani_Dev hapana kaka. `git restore` na `git switch` ndiyo zilikuja kwenye toleo 2.23, Agosti 2019. Lakini `git diff --staged` ni ya 2008, ililetwa kama jina la pili la `--cached`. Watu hawakuijua kwa sababu mafunzo mengi yaliendelea kunakiliana `--cached`.

Na @NyundoNdogo, tofauti ya `--cached` na `--index` imeandikwa, fungua `man gitcli` ushuke chini kabisa. Kanuni ni kwamba komandi ambayo kwa kawaida inagusa mafaili ya kwenye folda, ukiipa `--cached` itagusa index PEKE YAKE, ukiipa `--index` itagusa mafaili NA index. Kwa hiyo `git apply --cached` inaingiza badiliko kwenye index bila kugusa faili lako, `git apply --index` inabadilisha vyote viwili. Kanuni ipo na inafuatwa. Ubaya wake ni kwamba majina yenyewe hayakupi dokezo hata dogo, ukisikia cached na index huwezi kukisia ipi ni "peke yake" na ipi ni "vyote viwili". Mimi nimeshawafundisha watu wengi na wote wanaikariri tu.

#6 NyundoNdogo

@DadaSkripti asante, hiyo manyuali sikuifikia. Lakini si umenithibitishia? Kanuni ipo ila imefichwa kwenye ukurasa ambao hakuna anayeufungua. Wangeandika `--index-only` na `--with-index` hakuna ambaye angeuliza.

#7 ToroliBovu

Mnahangaika na `--cached` wakati kuna herufi moja imebeba dunia nzima. Chukueni `-n` mzunguke nayo: kwenye `git add`, `git rm`, `git clean` na `git push` maana yake nionyeshe tu usifanye kitu, kwenye `git commit` maana yake ruka ukaguzi yaani `--no-verify`, kwenye `cherry-pick` na `revert` maana yake usikomiti, kwenye `merge` ni usionyeshe takwimu za mwisho, kwenye `clone` ni usitoe mafaili, kwenye `fetch` ni usilete tagi, kwenye `log` ni idadi ya komiti unazotaka kuona, na kwenye `grep` ni namba za mistari. Herufi moja hiyo!! Na mtu akikosea mnamwambia hajasoma manyuali.

#8 254Mwalimu

@ToroliBovu hiyo ya commit nimeishuhudia. Kampuni niliyokuwa zamani hapa Nairobi kulikuwa na ukaguzi wa `pre-commit` unaozuia nywila na funguo za API zisiingie kwenye repo (ghala la kodi). Kijana mgeni alikuwa amezoea `git push -n` na `git add -n` kuangalia kwanza kabla ya kufanya, tabia nzuri kabisa ambayo sisi wenyewe tulimfundisha. Akataka kuangalia komiti yake itakuwaje akachapa `git commit -n`. Git ikakomiti kweli, na ukaguzi ukarukwa, na funguo la malipo likaenda na maji mpaka kwenye seva. Asubuhi nzima watu wanabadilisha funguo.

Yule kijana hakuwa mzembe. Alichukua alichojifunza komandi moja akakitumia kwenye nyingine, na ndivyo binadamu yeyote anavyojifunza. Hapo jina ndilo lililomsaliti. Commit ina `--dry-run` lakini haina herufi fupi kwa sababu `-n` ilishachukuliwa.

#9 Kipanga_Mweusi

Wakuu mnaonea watu. Nitatetea upande wa pili.

Kumbukeni Git ya mwanzo ilikuwa mkusanyiko wa programu ndogondogo, nyingi skripti za shell, nyingine Perl, nyingine C, kila moja na mwandishi wake. `git commit` yenyewe ilikuwa skripti ya shell mpaka ilipoandikwa upya kwa C, ikatoka na toleo 1.5.4 mwanzoni mwa 2008. Maktaba moja ya kusoma flagi kwa komandi zote, ile `parse-options`, iliingia mwishoni mwa 2007. Kabla ya hapo kila komandi ilisoma flagi zake kwa mkono. Kwa hiyo miaka miwili na zaidi hakukuwa na mahali pamoja ambapo mtu angeweza kuona kwamba `-n` imeshatumika huku na kule. Kila mwandishi aliangalia komandi yake akaona herufi iko wazi akaichukua.

Na ilipofika wakati wa kurekebisha, skripti za watu dunia nzima zilishaandikwa. Ukibadilisha maana ya `-n` leo kwenye commit, kuna seva mahali fulani itaacha kukomiti usiku na hakuna atakayejua mpaka mwisho wa mwezi.

#10 MzeeWaCVS

@Kipanga_Mweusi uko sahihi, na wasiofika kwenye CVS, programu ya kazi hii ya kabla ya Git, hawajui raha waliyonayo. Kule herufi ilibadilika maana kutegemea imekaa kabla au baada ya komandi! `cvs -d` ni mahali repo ilipo, `cvs update -d` ni tengeneza folda ambazo huna. `cvs -r` ni fanya mafaili yawe ya kusoma tu, `cvs update -r` ni toleo unalolitaka. Mstari mmoja unaweza kuwa na `-d` mbili na kila moja na habari zake.

Na huko nyuma zaidi, SCCS ya Marc Rochkind pale Bell Labs mwaka 1972, RCS ya Walter Tichy mwaka 1982, ilikuwa herufi moja moja tu. `co -l` kuchukua faili na kulifunga, `ci -u` kurudisha na kubaki na nakala. Flagi ndefu za vistari viwili zimetoka kwa watu wa GNU, mradi wa programu huria, na mwongozo wao ulisema wazi kwamba kama programu ina flagi ya kueleza zaidi basi iitwe `--verbose`, neno hilohilo kila mahali, ili mtu asikisie. Git imechukua vistari viwili ikaacha huo ushauri.

#11 Lulu_B

Jamani hii hoja ya umri mimi naikataa.

Mercurial, programu ya kazi ileile ya Git, ilianza Aprili 2005 hiyohiyo, sababu ileile ya BitKeeper, Matt Mackall akaiandika kwa ajili ya kernel hiyohiyo ya Linux. Ila ukienda kule `-r` ni `--rev` karibu kila komandi, `-I` ni `--include`, `-X` ni `--exclude`, na `--dry-run` mahali ilipo kifupi chake ni `-n`. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya kodi kuna orodha za flagi za pamoja, kuna `walkopts`, kuna `commitopts`, kuna `dryrunopts`, na komandi mpya inazichukua zilivyo badala ya kutunga zake. Mwaka mmoja, tatizo moja, matokeo mawili. Kwa hiyo si umri. Ni kwamba upande mmoja waliona majina ni sehemu ya kazi na upande wa pili waliona ni kibandiko cha mwisho.

#12 Kipanga_Mweusi

@Lulu_B Mercurial ilikuwa Python programu moja tangu siku ya kwanza, ni rahisi kugawana orodha. Git ilikuwa lugha tatu. Huwezi kuweka orodha ya pamoja kati ya skripti ya shell na programu ya C.

#13 Lulu_B

Unaweza kuiweka kwenye karatasi. Hata ukurasa mmoja tu wa "herufi hii ina maana hii" unatosha, hauhitaji lugha yoyote.

#14 Mkulima wa Kodi

Mimi naona wote mmepita pembeni. Majina si ugonjwa, ni homa tu.

Mwaka 2013 Santiago Perez De Rosso na Daniel Jackson wa MIT walikaa wakaichambua Git kwa upande wa dhana, na walichoonyesha ni kwamba watu wanapotea kwa sababu dhana zenyewe zimeingiliana, faili moja linaweza kuwa na hali mbili kwa wakati mmoja, nusu imepangwa nusu haijapangwa. Wakatengeneza Gitless kwa kuondoa kabisa lile eneo la kati. Ukiliondoa, `--cached`, `--staged` na `--index` zote zinakufa siku moja na huna haja ya kubishania jina zuri. Flagi ikikosa jina la maana mara nyingi ni kwamba kitu chenyewe hakieleweki. Mwenye uzi kabla ya kutafuta jina la flagi jiulize kama flagi inahitajika.

#15 NyundoNdogo

@Mkulima wa Kodi nakuelewa lakini sikubali yote. Chukua kutoa faili kwenye index. Zamani tulichapa `git reset HEAD faili`, sasa tunachapa `git restore --staged faili`. Dhana ni ileile, hakuna kilichoondolewa, jina tu limebadilika. Na vijana ninaokaa nao ofisini wanaielewa ya pili bila kuelezwa wakati ile ya kwanza wanaiogopa kwa sababu `reset` hiyohiyo ikiwa na `--hard` inafuta kazi yako. Kwa hiyo jina peke yake linabeba uzito.

Tena kuna kitu kwenye `git switch` nimekipenda sana. Flagi ya kuhama branchi na kutupa mabadiliko ambayo hujakomiti inaitwa `--discard-changes`. `--force` ipo, ila manyuali inasema ni jina la pili la `--discard-changes`. Yaani walibadilisha nani mkubwa nani mdogo. Hiki ndicho ninachomwambia mwenzangu kazini.

#16 Pwani_Dev

Hapa niseme la `--ours` na `--theirs` maana linaniuma.

Ukimerji, ours ni branchi uliyosimama, theirs ni inayoingia. Sawa. Ukifanya ribesi zinageuka! Kwa sababu ribesi inasimama kwanza juu ya branchi ya wenzako halafu inaleta komiti zako moja moja, kwa hiyo kwa Git "ours" ni ya wenzako na "theirs" ni kazi yako mwenyewe. Kwa anayejua mashine inavyozunguka ni sahihi kabisa. Kwa aliyekaa kwenye kiti saa nne usiku na konflikti kumi na mteja anapiga simu, ni uongo. Jamaa wa timu yetu alichapa `git checkout --ours .` katikati ya ribesi akiamini analinda kazi yake, akaifuta. Tuliirudisha kwa reflog (kumbukumbu ya Git ya komiti ulizopitia) kwa sababu komiti zilikuwepo, lakini moyo ulishatoka.

SVN, programu nyingine ya kazi hii, walikuwa na `mine` na `theirs` tu na mine ilikuwa yangu kweli.

#17 MzeeWaCVS

@Pwani_Dev karibu sawa. Kwenye SVN ni `--accept` halafu unachagua: `mine-full`, `theirs-full`, `mine-conflict`, `theirs-conflict`, `working`, `base`, `postpone`. Hiyo full inachukua faili zima, conflict inachukua sehemu zilizogongana tu na kuacha zingine zimerjiwe. Tofauti hiyo Git nayo inayo lakini imefichwa kwenye herufi moja: `git merge -s ours` inatupa kila kitu cha upande wa pili, `git merge -X ours` inachagua wako pale palipogongana tu. Moja inafuta kazi ya watu wiki nzima na nyingine haifuti, na kilichozitenga ni s na X.

#18 jj_mtaani

Hamieni Jujutsu (jj) tu, nayo ni programu ya kazi hii. Hakuna index. Na mahali ambapo Git ingekuambia `--force` kule unaambiwa unachokikubali: kurudisha bookmark (kama branchi ya Git) nyuma ni `--allow-backwards`, kugusa komiti zilizolindwa ni `--ignore-immutable`.

#19 ToroliBovu

Nilikuwa nahesabu posti ngapi zitapita kabla mtu wa jj hajatokea 😂 karibu mkuu

#20 DadaSkripti

Mcheke lakini hoja yake imebeba. Hizo `--allow-` ndizo majina mazuri kuliko yote, na hata Git ikifuata njia hiyo inatoa majina safi. `--allow-empty` kwenye commit. `--allow-unrelated-histories` kwenye merge, iliingia 2.9 mwaka 2016, ndefu kama treni lakini ukiiona kwenye skripti ya mtu mwingine unajua mara moja ni kitu gani kimeruhusiwa. Ukiona `--force` unajua tu kwamba kuna kitu kilikataa, hujui ni nini.

Sasa linganisheni na `--force-with-lease`. Ililetwa 2013 kwenye 1.8.5 ili mtu asifute komiti za mwenzake kwenye seva: pushi kwa nguvu, ila tu kama seva bado iko pale ulipoiona mara ya mwisho. Wazo zuri mno. Ndani ya kodi wanaiita `cas`, yaani linganisha-kisha-badilisha, na hilo ndilo hasa linalofanyika. Lakini kwenye jina la nje wakaleta habari ya kukodi, na mimi sijawahi kukutana na mtu aliyekisia maana yake. Mbaya zaidi jina linaahidi ulinzi kuliko uliopo. Kama editor yako inafetchi (inavuta habari za seva) yenyewe nyuma ya pazia, rekodi yako ya seva inasogea bila wewe kuona kitu, na Git inaamini umeshaona, inapushi. Ndo maana 2.30 wakaongeza `--force-if-includes`. Sasa zipo tatu, na mtu mgeni akiziona zote zimeanza na force anachagua fupi.

#21 254Mwalimu

Na `--porcelain` je? Kwenye Git porcelain ni zile komandi za juu za binadamu, na za chini za mashine zinaitwa plumbing. Halafu `git status --porcelain` ndiyo inayotoa matokeo kwa ajili ya SKRIPTI. Walimaanisha matokeo ya kuliwa na programu za porcelain, lakini msomaji anaelewa kinyume. Wanafunzi wangu wote wanakwenda kuiweka kwenye skripti `--short` kwa sababu inafanana na jina linaeleweka, kumbe `--short` haikuahidiwa kubaki hivyo milele na `--porcelain` ndiyo iliyoahidiwa. Jina baya linawapeleka kwenye flagi isiyo sahihi.

#22 Kipanga_Mweusi

Basi niwape mfano wa kwa nini kurekebisha ni kugumu kuliko mnavyodhani.

Kulikuwa na `git branch --set-upstream`. Mpangilio wake ulichanganya, ukichapa `git branch --set-upstream origin/master` ukidhani unaifunga branchi yako na ya kwenye seva, ilitengeneza branchi mpya ya hapohapo kwako yenye jina origin/master. Mwaka 2012 kwenye 1.8.0 wakaleta `--set-upstream-to` na kuanza kuwaonya watu waache ya zamani. Wakasubiri. 2017 kwenye 2.15 wakaiua rasmi. Lakini hawakuweza kuifuta kwenye kodi! Kwa sababu Git inakubali flagi ndefu zilizokatwa kama hazigongani na nyingine, kwa hiyo wangeifuta, mtu akichapa `--set-upstream` ingesomwa kama kifupi cha `--set-upstream-to` na kufanya kitu tofauti na alichozoea, kimyakimya. Ikabidi waiache imefichwa humo ndani kazi yake iwe kukataa tu na kueleza.

Miaka mitano kuondoa jina moja baya na bado kivuli chake kipo. Junio Hamano anasimamia Git tangu 2005, ukiona anasita kubadilisha majina usidhani hajali.

#23 Lulu_B

@Kipanga_Mweusi hiyo inanipa mimi nguvu lakini. Kama kuondoa ni miaka mitano, basi kuchagua kunastahili hata wiki moja ya kubishana.

#24 ToroliBovu

Nje ya mada kidogo: kwenye SVN ukitaka kujua nani aliandika mstari ni `svn blame`, lakini `svn praise` nayo inafanya kazi ileile. Ofisini tulikuwa na mama mmoja mkali wa database, alikataa kabisa kuchapa blame, anasema kodi ya mtu unaanza kwa kuisifu.

#25 jj_mtaani

Huyo mama apewe timu nzima.

#26 Pwani_Dev

Turudi kwenye mada. @NyundoNdogo kuna upande hamjausema. Jina likiwa refu sana watu wanatengeneza aliasi, yaani kifupi chao wenyewe. Timu yetu tuliweka jina refu la kutisha kwa makusudi kwenye kufuta branchi za wenzako, baada ya muda nikakuta mtu kaifanya `gfb` kwenye shell yake na kawagawia wenzake kwenye grupu la WhatsApp. Uwazi wote umeisha, sasa ni herufi tatu zisizosema kitu na hatari ni ileile.

#27 DadaSkripti

Ndiyo maana jina peke yake halitoshi, angalia na chaguo la msingi yaani programu inafanya nini usipoipa flagi yoyote. `git clean` ni mfano mzuri na mbaya kwa pamoja. Mzuri: ukiichapa mikono mitupu inakataa, inataka `-f` au `-n` kwanza, kwa sababu inafuta mafaili ambayo Git haijawahi kuyatunza na hayana reflog. Mbaya: `-x` na `-X`. Ndogo inafuta mafaili mapya ambayo hujayaadd PAMOJA na yaliyo kwenye `.gitignore` (orodha ya mafaili ya kupuuzwa), kubwa inafuta yaliyo kwenye `.gitignore` TU. Mtu anataka kusafisha matokeo ya build, anatakiwa kuchapa `-fdX`, kidole kinateleza anachapa `-fdx`, na mafaili mapya aliyoandika tangu asubuhi yameondoka. Nimemuona mtu analia kwa hilo, mtu mzima.

Herufi kubwa na ndogo zisitenge vitu viwili ambavyo kimoja kinafuta zaidi ya kingine. Hili kwangu halina mjadala.

#28 Kipanga_Mweusi

Lina mjadala. `git branch -d` na `-D`. Ndogo inakataa kufuta branchi ambayo haijamerjiwa, kubwa inafuta. Watu wameielewa na wanaipenda, kubonyeza shift ndiko kunakukumbusha.

#29 DadaSkripti

Hapo kubwa ndiyo ya hatari, angalau macho yanaiona. Kwenye clean NDOGO ndiyo inayofuta zaidi. Huoni tofauti?

#30 Kipanga_Mweusi

Hiyo nakubali. Lakini haijafuta `-D`.

#31 Mkulima wa Kodi

Na bado hakuna aliyenijibu kwamba ukiondoa hali mbili za faili, nusu ya flagi hizi zinaondoka.

#32 Lulu_B

@Mkulima wa Kodi hatujakujibu kwa sababu `-n` haina uhusiano wowote na index na ndiyo iliyomuumiza kijana wa @254Mwalimu.

#33 NyundoNdogo

Wakuu nimechukua mengi, jana tulikaa tena kazini. Tulipofikia mpaka sasa: kufuta branchi bila flagi inaonyesha orodha tu na haifuti, kufuta kweli ni `--delete`, na zile ambazo hazijamerjiwa zinahitaji `--include-unmerged` juu yake. Kurudisha mafaili ni `--discard-changes`, tumeiba kwa switch. Kwenye kupushi mwenzangu bado anaitaka `--force`, mimi nataka `--overwrite-remote`, hatujaelewana. `-n` tumekubaliana isiwepo kabisa kwenye komandi yoyote maana kila mtu anakuja na maana yake kichwani.

#34 254Mwalimu

`--overwrite-remote` naipigia kura. Ila `-n` msiiache tupu, mtu akiichapa ikatae na imwelekeze, kama walivyofanya kwenye `--set-upstream`.

#35 Pwani_Dev

Mnaandika kwa Python? Kama mnatumia argparse (maktaba yake ya kusoma flagi) jueni nayo inakubali flagi ndefu zilizokatwa kama ilivyo Git. Mtu atachapa `--del` na itafuta. Wekeni `allow_abbrev=False`, ipo tangu Python 3.5.

#36 Lulu_B

@Pwani_Dev sahihi, ila kwenye Python kabla ya 3.8 hiyo `allow_abbrev=False` ilikuwa inavunja na herufi fupi zilizounganishwa, ukichapa `-vv` ikakataa. Angalieni toleo lenu kwanza.

#37 NyundoNdogo

Laptopu zetu zote ni 3.11, seva ya majaribio ndiyo iko 3.6. Na `-vv` tunaitumia. Kesho naomba seva ipandishwe toleo, wakikataa basi kuna `--verbose` tu na `-v` hatuiweki.

#38 Kipanga_Mweusi

Usiiondoe `-v` bwana, watu wataichapa hata usipoiweka.